Mfupa umeungana, lakini mkono unaogopa

Mvua ikianza huku Kolwezi, sisi wa sendika tunajua mbele ya wakati kazi gani inatungojea. Ngazi za makamioni makubwa zinateleza, njia za kiwandani zinajaa matope, watu wanaanguka. Na mtu mwenye kuanguka hana wakati wa kufikiri, anatanguliza kiganja mbele kusudi asipige uso chini. Uzito wote wa mwili unaingia mu kiganja kile, na njo pale mfupa unakatika, karibu na kifundo cha mkono.

Kwa macho ya wakubwa ni ajali ndogo. Hakuna mtu aliyekufa, hakuna mashine iliyosimama. Kamaradi anafungwa platri, anapewa karatasi ya kupumzika, na katika ripoti ya mwezi wanaandika mstari mmoja. Sisi wenyewe tulikuwa tunahesabu vile vile. Tulikuwa tunapigania platri ifungwe siku ile ile, karatasi itiwe sahihi, ajali itangazwe ku CNSS, kisha tunapita ku mambo mengine. Leo tunataka kusema wazi kama tulikuwa tunaacha kazi katikati, na kuna ndugu mmoja aliyelipa kosa lile kwa kupoteza kazi yake.

Hatutamtaja jina. Yeye anajijua, na wengi mu mtaa wanamjua. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mtu ambaye vijana walikuwa wanasimama nyuma yake kuangalia namna anavyovuta mstari wa moto bila mkono kutetemeka. Alianguka toka ngazi ya kamioni, si juu sana, kadiri ya mita moja. Mkono wa kuume. Walimfunga platri kwa majuma sita, kama kawaida. Siku ya kuitoa walipiga picha ya radio, munganga akaiinua ku mwangaza, akasema: « Imeungana muzuri. Sasa utumie mukono polepole. » Akaita mgonjwa mwingine.

Maelezo yote aliyopata ni hayo. Ndugu yetu alipotazama mkono wake hakuutambua. Ulikuwa mwembamba, ngozi kavu yenye kubambuka, vidole vimevimba, kifundo hakikunji. Alipojaribu kuugeuza, maumivu yalipanda mpaka ku kiwiko. Mtu mwenye kuona vile, na mwenye kuambiwa « polepole », anaelewa nini? Alielewa: usiguse.

Nyumbani wote walimsaidia kuelewa vile. Bibi yake akamfunga kitenge shingoni kusudi mkono upumzike. « Baba ya batoto, usiitikise, utaivunja tena. » Jirani akasimulia habari ya mtu wa Likasi aliyeharakisha, na mfupa ukatoka fasi yake. Wakati wa chakula alikuwa anakula bukari kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na wageni wakifika anaacha kula. Usiku aliulaza mkono juu ya mto kama mtoto mchanga. Na sisi tulienda kumsalimia, na sukari na sabuni kama inavyopasa, tukamwambia: « Kamaradi, pumzisha mukono, kazi itakungoja. » Tulisema kwa upendo. Hakuna shauri baya zaidi tuliloweza kumpa.

Kazi haikumngoja. Kiisha miezi miwili aliitwa kwa munganga wa kazi kupimwa. Wakamwomba afunge ngumi: vidole havikufika mu kiganja. Wakamwomba ageuze kiganja juu, namna mtu anavyopokea franga: kikasimama katikati. Wakamwomba akamate mkono wa munganga na kuukaza: hakuthubutu. Waliandika kama hafai tena kwa kazi yake. Alikuwa ameajiriwa na moja ya zile kampuni ndogo zenye kukodisha wafanyakazi kwa kampuni kubwa, mkataba wa muda, na ulipoisha hawakuuandika upya. Ule mfupa, tukumbuke, ulikuwa umeungana tangu zamani.

Jambo hili lilitukaa mu kifua. Tukamtafuta mtaalamu wa kine, wale wenye kufundisha viungo kurudilia mwendo, tukamwomba aje siku moja ya posho kuzungumza na wadelege wetu. Alikuja na beseni, kitambaa na nyundo, hakuja na kitabu.

« Munazani maumivu ni mufupa unalia, » akatuambia. « Kiisha majuma sita, picha ikionyesha kama umeungana, mara mingi si mufupa tena. »

Akatueleza kama mkono ukifungwa, kiungo kinakaa bila kuzunguka. Ile ngozi ya ndani yenye kufunika kiungo inajikunja, mishipa ya kuvuta vidole inashikana, nyama ya mkono inapungua. Siku unapoanza kuvuta vitu vile, vinauma, sawa na magoti yanavyouma mtu akishuka mu bisi yenye kutoka Lubumbashi, amekaa amekunjwa njia nzima. Magoti yanauma, lakini hakuna mtu anayefikiri yamevunjika. Anayanyoosha tu, anatembea.

Kisha akatuambia jambo ambalo lilitugusa zaidi. Katika mwili kuna kitu kama sirene. Sisi wa mina tunajua sirene: mbele ya kulipua mawe inalia, kila mtu anakimbia, na maisha yanaokoka. Lakini kiisha ajali kubwa, sirene ya mwili inaweza kubakia nyepesi sana, inalia hata kama ni mtu anapita na brueti tu. Ubongo unaendelea kulinda mkono kana kwamba umevunjika jana. Na haiwezi kunyamaza kwa kupumzika. Inanyamaza pale inapoona mkono umetikiswa kidogo na hakuna kitu kibaya kilichofika, kesho tena kidogo, kesho kutwa tena.

Wanganga wana jina la woga huu, kinesiofobia, neno lenye kutoka mu Kigiriki: woga wa mwendo. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Johan Vlaeyen na Steven Linton, waliandika juu ya namna woga huo unavyozunguka. Wao walizungumzia zaidi watu wenye kuumwa mgongo, lakini mviringo ni ule ule. Unaumwa, unafikiri maumivu ni dalili ya kuharibika, unaogopa, hautikisi. Kwa kuwa hautikisi, kiungo kinakauka na nyama inaisha. Kwa kuwa kimekauka, siku ukijaribu kinauma zaidi ya mbele, na unasema: munaona, nilikuwa na haki ya kuogopa. Wadelege walitazamana. Ilikuwa habari ya ndugu yetu, hatua kwa hatua, mpaka na kitenge cha shingoni.

Sisi watu wa kiwanda tulipashwa kuelewa hii mbele ya wengine. Mashine ya kusaga mawe ikisimama majuma sita, hakuna fundi anayeiwasha na mzigo wote siku ya kwanza. Anaizungusha bure, anasikiliza, anatia mafuta, anaongeza polepole. Lakini vile vile hakuna fundi mwenye akili anayesema: tuiache isimame kusudi isiharibike.

Hapa tunajua patro fulani atasoma mstari huu na kufurahi. « Muko munaona, ni woga tu, arudi ku kazi. » Hapana. Asichukue maneno yetu kuyageuza fimbo. Maumivu ni ya kweli, hayatengenezwi na mtu. Na woga huu una sababu, zingine ziko mu ofisi yake. Code du travail inampa mfanyakazi mwenye kusimama juu ya ajali ao ugonjwa theluthi mbili za mshahara, lakini kila mmoja wetu anajua kama mshahara wa karatasi si ule wenye kulisha nyumba. Kinacholisha ni saa za usiku na saa za zaidi, na zile zinaisha siku ya ajali. Kuna franga za masomo ya watoto, kuna nyumba ya kupanga. Ndugu mwenye kuangalia mkono wake kila asubuhi na kufikiri « ukivunjika tena, nimekwisha » hana ugonjwa wa akili. Anafanya hesabu. Hesabu yake ni mbaya kwa sababu hakuna mtu aliyempa namba za kweli.

Tena woga huo huo una uso mwingine. Angalia wale wachimbaji wa mkono, wenye kushuka mu mashimo bila mkataba. Huko hakuna theluthi mbili, hakuna hata moja. Tumewaona wenye kukata platri wenyewe kwa kisu kiisha majuma matatu, wakarudi kubeba mifuko, na mfupa ambao ulikuwa bado laini ukapinda. Mmoja anaogopa kutikisa, mwingine anaogopa kukaa. Wote wawili wanaogopa nyungu tupu.

Na kuna maumivu ambayo hayapashwi kulazimishwa hata kidogo. Tunayasema hapa kwa sababu tusingependa mtu apoteze mkono juu ya makala yetu. Kama platri ingali mkononi na vidole vinakuwa vya bluu, ao baridi, ao vinakufa ganzi, na maumivu yanapanda saa kwa saa, usingoje tarehe ya munganga. Enda hospitali ile saa, hata usiku, waipasue. Ni vile vile kwa wale wenye kufungwa vijiti na waganga wa mifupa wa kwetu: hatuwatukani wazee hawa, lakini kamba ikikaza mno inakata damu, na mkono wenye kukosa damu hautangoji heshima ya mtu.

Kiisha kutoa platri kuna jambo lingine la kuangalia. Mkono wenye kuunguza ndani, siku kwa siku zaidi, wenye kuvimba na kung'aa, mara moto mara baridi, wenye kugeuka rangi na kutoka jasho, mpaka hata shuka likigusa unalia: ule si woga. Wanganga wa Kifaransa wanauita algodistrofi. Munganga mmoja wa Hamburg, Paul Sudeck, aliuelezea tangu mwaka 1900, na mara nyingi unakuja kiisha kuvunjika kifundo cha mkono. Unaomba munganga na kine pamoja, na mtu asikubali ndugu ao jirani amvute mkono kwa nguvu. Na ukianguka tena juu ya mkono ule, omba picha mpya ya radio mbele ya kuendelea na mazoezi.

Kwa siku za kawaida, mtaalamu alitupa kipimo ambacho hata mtu bila masomo anakamata. Fanya zoezi. Litauma. Kama maumivu yanashuka kiisha muda mfupi, na asubuhi mkono haukuvimba kupita jana, umefanya kadiri yake. Kama haukulala usiku na asubuhi umevimba, kesho punguza. Alikazia neno hilo: punguza, usiache.

Siku ile ya posho kulikuwa na mama mmoja amekaa nyuma, mwoshaji wa vyombo mu kantini ya kambi. Alianguka juu ya saruji yenye mafuta, mkono wa kushoto. Platri ilikuwa imetolewa juma lile. Alikuja amefunika mkono na kitambaa, na wakati wa maswali akasema: « Baba docta, miye nikiangalia tu ule mukono naanza kulia, mbele hata ya kuutikisa. » Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu alikuwa analia kweli.

Mtaalamu hakumvuta mkono. Aliomba maji ya moto kidogo, akamwambia autie mu beseni na aache vidole viogelee. Kisha kidole gumba kiguse kidole cha kwanza. Kiliguse. Cha pili. Kikaishia hewani. « Basi, leo ni kimoja na nusu, » akasema. « Kesho utaniambia ngapi. » Kisha akamwonyesha kuweka mkono juu ya meza, kiganja kikining'inia nje ya ukingo, kushuka na kupanda; kushika nyundo karibu na kichwa chake, kiwiko kimebanwa ku mbavu, na kuigeuza polepole kuume na kushoto; na kukunja kitambaa mu ngumi. Mara chache, lakini mara nyingi mu siku. Alimwambia pia asibebe sufuria nzito mbele ya miezi mitatu kupita, na mbele ya munganga kukubali. Kutikisa ni jambo moja, kubeba ni lingine.

Mama huyu alituelezea nyuma namna ilivyokuwa. Watoto wake walifanya mchezo: kila jioni wanakaa kuzunguka beseni kuhesabu vidole. Siku zingine hesabu ilirudi nyuma, na alitaka kuacha. Juma la tatu gumba lilifika ku kidole cha mwisho. Akaanza kukamua kitambaa cha sahani, kwanza kikavu, kisha chenye maji. Alirudi ku kazi, na delege wetu alisimama kusudi kwa mwezi wa kwanza apewe kupanga vikombe na si kusugua masufuria. Mkono wake haukuwa kama zamani kabisa. Asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba, unamkumbusha. Lakini anafunga ngumi, na anafunga kitenge chake mwenyewe.

Kati yake na fundi wetu hatuoni tofauti kubwa ya mfupa. Tofauti ni kama mmoja aliambiwa mbele ya wakati, na mwingine sisi tulimwambia apumzike.

Njo maana tumeandika barua kwa wakubwa wa kazi. Sheria inamwomba mwajiri kumtunza mfanyakazi mwenye kuumia. Sisi tunasema matunzo hayaishii ku mkasi wenye kukata platri. Kine iwe ndani, pamoja na franga za njia, kwa sababu hospitali zenye kine ni chache na mtu hawezi kutembea kilometa kumi kwenda kugeuza nyundo. Mtu asipimwe kama anafaa ao hafai mbele ya kupewa nafasi ya kine. Arudi kwanza ku kazi nyepesi yenye kuandikwa, si kwa huruma ya chefu wa ekipe ambaye kesho anabadilishwa. Na tunaomba jambo moja lisilogharimu hata franka: munganga akitoa platri, achukue dakika tano, aonyeshe picha ya radio kwa mgonjwa na kwa mtu wa nyumbani mwake, aseme kwa Kiswahili nini imepona, nini itauma, na nini inaruhusiwa kutoka kesho. « Polepole » peke yake haitoshi. Mbele ya bibi ao bwana ni lazima, kwa sababu njo yeye mwenye kufunga kitenge.

Upande wetu, wadelege wamepewa kazi. Tangu siku za kwanza za platri, tunapomtembelea kamaradi, tunaanza na kumwomba atuonyeshe vidole: avifunge, avifungue, ainue kiwiko na bega. Vidole havikufungwa, havina sababu ya kulala. Sukari na sabuni tutaendelea kuleta.

Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa la mdomo tu: kine ni luxe. Tumeandika mara ya pili, na safari hii tulizungusha liste ya sahihi ku fasi watu wanangojea mabisi, saa ya kubadilisha ekipe. Fundi wetu alikuja, ingawa hana tena kazi pale. Sasa anaenda kwa yule mtaalamu mara moja kwa juma. Alianza kwa kuchelewa, vidole vyake havijafika mu kiganja, lakini vimekaribia, na anachomea milango midogo nyumbani kwake. Aliomba biki. Tukampa, akaihamisha kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kuume, akaandika polepole, sisi wote tukingoja nyuma yake. Sahihi haikufanana na ile ya kadi yake ya kura. Tuliiacha vile vile, namba 41 ya liste.